Mke wa Kwanza wa Babu

Asubuhi picha ya Babu ilikuwa bado imeangalia ukuta.

Mjukuu mkubwa, aliyeitwa Kwanini, aliiona kabla hata hajaitikiwa salamu yake. Jana alidhani ni hasira za Bibi za kupita, zitalala na mwenyewe na kuamka zimesahauliwa. Lakini mgongo wa fremu ulikuwa palepale juu ya kabati la vyombo, na kamba yake, na pembe yake iliyoliwa na mchwa. Babu alikuwa upande wa pili, kama mtoto aliyewekwa kona kwa utundu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Chai iko mezani."

Basi, hayo tu. Bibi ambaye siku zote hakuweza kutoa kikombe bila kuchokoza mtu, leo alitoa chai kama karani anayetoa risiti. Hata Bwana Mdogo hakuguswa shavu.

Walikuwa wajukuu watatu, waliokuja kwa Bibi likizo. Kwanini ndiye aliyekuwa mkubwa, na jina lake alilipata kwa haki: hakuna jambo aliloambiwa akalimeza bila kuuliza sababu yake. Redio alikuwa binamu yake, mtoto wa shangazi. Kilichoingia masikioni mwake kilitoka mdomoni hakijapungua neno. Wa tatu alikuwa mdogo wake Kwanini, ambaye meno yake ya utoto yalikuwa bado kamili. Yeye aliitwa Bwana Mdogo tangu siku aliyozaliwa, na hakuna aliyewahi kuuliza ni kwa nini, hata Kwanini mwenyewe.

Walipomaliza chai, wakajifungia stoo pamoja na baiskeli.

Baiskeli hiyo ndiyo iliyoanzisha yote. Ilikuwa ya Babu, nyeusi, nzito, yenye keria pana nyuma na kengele ya shaba. Tangu Babu afariki ilikuwa imeegemea magunia ya mkaa, na likizo hii Bibi alikuwa amesema, "Chukueni, ni yenu. Mwenyewe angependa iende." Siti ilikuwa juu mno. Jana wakalegeza nati, wakaivuta siti pamoja na chuma chake, na ndani ya bomba la baiskeli wakaona karatasi iliyozungushiwa kipande cha tyubu.

Kwanini alikuwa hajafungua mdomo, Redio amekwisha kutangaza: "Bibi! Njoo! Babu kaficha karatasi kwenye baiskeli!"

Bibi alikuja akicheka. Akaisoma amesimama. Akaketi juu ya ndoo. Akaisoma tena, akaikunja, akaitia kifuani, akaingia ndani, nao wakasikia fremu ikikwaruza ukuta. Alipotoka alisema jambo moja: "Hiyo baiskeli kesho jioni ataichukua mtu wa vyuma chakavu."

Sasa kesho ilikuwa imefika.

"Tuanze mwanzo," alisema Kwanini. "Barua anayo Bibi. Lakini wewe ulisoma begani kwake."

"Sikusoma. Macho yalipita tu."

"Macho yako yakipita mahali hayaachi kitu. Sema."

Redio akafumba macho, akatoa sauti ya mtangazaji:

"*Mume wangu, mimi mkeo wa kwanza ni mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Nilikuosha, nikakulisha, nikakubeba, leo umepata miguu umenikimbia. Si kitu. Mgongo wangu bado unakujua. Nasikia unataka kuniletea mke mwenza. Mlete nimwone. Mimi sina wivu, lakini ajue aliyetangulia ni nani.*"

Akafumbua macho. "Mwisho wa taarifa."

"Mke mwenza ni nini?" aliuliza Bwana Mdogo.

"Ni mke wa pili," alisema Redio. "Maana yake Bibi yetu ni wa pili. Babu alikuwa na mke, akamkimbia, akaja kumwoa Bibi, akanyamaza mpaka kaburini. Kesi imekwisha."

"Haijaanza," alisema Kwanini. "Hiyo ni barua moja. Na bomba halijaisha."

Alichukua hanga ya waya, akainyoosha, akakunja ncha yake iwe ndoano. Akaitumbukiza ndani ya bomba polepole, akiizungusha kama mtu anayevua. Ikashika. Akavuta. Ikatoka karatasi nyingine, imechafuka kutu kwenye pindo lakini inasomeka. Wakainamisha vichwa.

*Mume wangu, barua imefika na sabuni imefika. Inanukia mpaka majirani wananuna. Huyo mwenzangu mwambie mambo haya. Chai usipewe ya moto, ulimi wako mwepesi kuungua. Ukiota ndoto mbaya usiamshwe, ushikwe mkono tu, utatulia. Na ukinuna usibembelezwe, utanuna zaidi. Shii! Toka! Kuku hawa watanimaliza. Hilo usiandike. Umeandika? Haya basi, endelea. Mimi mkeo wa kwanza.*

Redio alicheka mpaka akakaa chini. Kwanini hakucheka, ingawa midomo ilimcheza.

"Nani anafukuza kuku ndani ya barua?" aliuliza.

"Mwendawazimu."

"Hapana. Soma hapa. 'Hilo usiandike. Umeandika?' Anamwambia nani?" Aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya maandishi kulikuwa na mistari ya penseli iliyopigwa kwa rula, na kila herufi imekaa juu ya mstari wake kama ndege juu ya waya. "Redio, juzi Bibi alipokutuma umwandikie shangazi ujumbe kwenye simu, uliandika nini?"

Redio alijikuna shingo. "Alichosema."

"Chote?"

"Chote. 'Mwambie nguo zimefika, ni mbaya lakini usimwambie hivyo, haya tuma.'"

"Ukatuma."

"Alisema tuma!"

"Basi huyu aliyeandika barua hii ni Redio mwingine. Mtoto wa shule, mwenye rula. Anaandika kila kinachosemwa, hata kuku. Mwenye maneno ni mtu mwingine, na hajui kuandika." Akaikunja karatasi taratibu. "Hiyo ni hatua ya kwanza. Mengine hatujui, kwa hiyo tusiseme."

"Twende tukamwonyeshe Bibi!"

"Barua moja imegeuza picha. Ya pili yenye mambo ya kushikana mikono usiku itafanya nini? Itakaa kwangu mpaka tujue. Na wewe, Redio, leo betri zako zimekwisha."

Redio akaweka kidole mdomoni. Kwa kawaida betri zake zilirudi haraka.

Bibi alikuwa barazani akichambua mchele kwenye ungo. Kwanini aliketi kando yake akaanza kutoa mawe madogo bila kuambiwa. Alijua kwamba mtu mzima aliyeulizwa huku mikono yake ina kazi hujibu kabla hajakumbuka kukataa.

"Bibi, Babu alilelewa na nani?"

"Na mzee mmoja."

"Wazazi wake?"

"Walikufa yeye bado ananyonya. Huyo mzee ndiye aliyemchukua. Sikuwahi kumwona. Alifariki siku chache kabla ya harusi yetu, na babu yenu kila akimtaja sauti ilikatika, nami nikaacha kumuuliza. Unauliza ya nini?"

"Nataka kujua tu. Na chai, Babu alipenda ya moto?"

Mkono wa Bibi ulisimama juu ya ungo. "Chai yake? Aliiacha mpaka inaota ngozi juu. Nilikuwa nikimwambia, wewe unakunywa chai au unakunywa dimbwi?" Tabasamu lilimjia, akalikumbuka, akalifuta. "Toa jiwe lile."

"Bibi, hiyo baiskeli tairi zake hazina upepo. Mtu wa vyuma atashindwa kuisukuma. Tuipeleke kwa fundi ijazwe?"

Bibi alitazama uani. "Pelekeni." Kisha, wakiwa wameshafika getini, sauti yake ikawafuata: "Na mwambieni afungue kengele! Kengele siuzi!"

Kwanini aliliweka neno hilo akilini, mahali pake.

Karakana ya fundi baiskeli ilikuwa njia panda, chini ya bati lililofungwa minyororo ya zamani kama mapazia. Fundi alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyoshikizwa kwa waya wa breki. Ujana wake wote alikuwa mwanafunzi wa Babu kwenye karakana ileile.

"Ah! Bibi kizee amekuja!" alisema, naye hakumaanisha mtu, alimaanisha baiskeli. Akaipapasa siti, iliyopachikwa bila kukazwa nati. "Nani amekuvua kofia?"

"Sisi," alisema Bwana Mdogo. "Babu alificha barua humu."

Redio alimtazama Kwanini kwa furaha kubwa. Leo si yeye aliyetangaza.

"Alificha?" Fundi alicheka. "Nani kasema alificha? Nyumba yake ya kwanza bati lilikuwa na matundu kama chujio. Mvua ikinyesha ndani, nje kunakauka. Sisi wote karatasi zetu za maana tuliziweka kwenye bomba, zikafungwa tyubu. Ndilo lililokuwa kabati letu. Mwenye kuficha hafichi ndani ya kitu anachompakia mkewe kila siku."

Kwanini alishusha pumzi kidogo. "Fundi, kabla Babu hajaoa, alikuwa na mtu?"

Fundi aliinua kichwa, akaangalia huku na huku, kisha akainama kwenye pampu. "Wewe mtoto, maswali yako yana miiba."

"Baiskeli inauzwa leo, Fundi. Kwa mtu wa vyuma chakavu. Na picha ya Babu imegeuzwa."

Pampu ikanyamaza.

"Imegeuzwaje?"

"Inaangalia ukuta."

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa chenye grisi, akaivaa ikiwa chafu zaidi. "Sikiliza. Nakwambia nilichokiona, sikwambii zaidi. Kila mwisho wa mwezi alikuwa anapotea. Wakati huo hana hata baiskeli, anakwenda kwa miguu. Anabeba sabuni, anabeba sukari. Anarudi viatu vimejaa udongo mwekundu. Nikimuuliza ulikuwa wapi, ananiambia, 'Nilikuwa kwa mke wangu.'"

Redio alifungua mdomo mpaka nzi akafikiria kuingia.

"Alisema hivyohivyo?" aliuliza Kwanini. "'Kwa mke wangu'?"

"Hivyohivyo. Na anacheka. Anacheka mpaka anashika tumbo. Mimi nilikuwa kijana, nikaona aibu kuuliza zaidi."

"Anacheka," Kwanini alirudia.

"Mpaka machozi."

Aliposema hayo alikuwa amekwisha kupiga bomba kwa kifundo cha kidole, kama daktari anayepiga kifua. Akapiga tena, chini zaidi. "Humu bado kuna mtu." Akachomoa siti, akachukua spoki ndefu, akaichomeka, akachokonoa, akatoa karatasi ya tatu. Hii ilikuwa imegandamana na kutu, pindo juu ya pindo, ngumu kama biskuti.

Redio alinyoosha mkono. Kwanini aliuwahi.

"Tukiivuta itapasuka."

"Akili," alisema Fundi. "Hiyo inataka mvuke. Birika linalochemka, mkono mwepesi, na subira. Kubwa ni subira."

Kengele haikufunguka, skrubu yake ilikuwa imeshikana na usukani miaka yote hiyo. Fundi alijaribu bisibisi mbili akakata tamaa. "Mwambieni bibi yenu kengele na baiskeli vimekula kiapo," alisema.

Wakaanza kuisukuma kurudi nyumbani. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya nyumba za ghorofa, na maduka yalikuwa yanaanza kuingiza bidhaa zao ndani. Redio ndiye aliyeshika usukani.

"Umekubali sasa?" alisema hatimaye. "Alisema mwenyewe, kwa mke wangu. Shahidi yupo, sabuni ipo, udongo upo."

"Mtu akisema jambo la aibu anacheka mpaka machozi?"

"Wengine wanacheka."

"Na mke gani anasikia mumewe anaoa, anatuma maelezo ya chai?" Kwanini alipiga teke kijiwe. "Wewe ungekuwa mke ungetuma nini?"

"Mimi ningetuma kuku."

Bwana Mdogo alikuwa amebaki nyuma. Akaketi ukingoni mwa barabara, akatangaza kwamba miguu yake imefungwa mpaka kesho. Kwanini alirudi, akachuchumaa, mtoto akampanda mgongoni. Hawakufika mbali, akaanza kulalamika sikioni mwake.

"Mgongo wako una mifupa."

"Shuka basi."

"Mgongo wa Bibi ni laini. Mgongo wa Bibi unanijua."

Kwanini alisimama. Alisimama ghafla hivi kwamba kidevu cha mtoto kiligonga kisogo chake. Alimshusha taratibu juu ya keria ya baiskeli, akamgeuza uso kwa uso, na Redio akashikilia usukani asijue kuna nini.

"Bwana Mdogo, nijibu vizuri. Nani anakuosha?"

"Bibi. Ananiingiza sabuni machoni."

"Nani anakulisha?"

"Najilisha mwenyewe! Lakini zamani Bibi."

"Nani anakubeba?"

"Bibi. Nimesema, mgongo wake ni laini."

"Na nani alikupa jina la Bwana Mdogo?"

"Bibi. Alisema Babu ni bwana wake mkubwa, mimi ni bwana wake mdogo."

"Kwa hiyo wewe ni mume wa nani?"

"Wa Bibi," alisema mtoto, kama mtu aliyeulizwa maji yana rangi gani. "Ni mke wangu. Lakini nikikua nitamwacha. Anakoroma."

Redio aliachia usukani. Baiskeli iliyumba, Kwanini akaidaka.

"Tumesoma barua kama mafumbo," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kwa furaha. "'Nilikuosha, nikakulisha, nikakubeba, leo umepata miguu.' Tukadhani ni mke analalamika kwamba alimtunza mume asiye na shukrani. Kumbe hakuna fumbo. Alimwosha kweli. Alimbeba kweli, mgongoni. Na miguu ni miguu, alikuwa mtoto akajifunza kutembea!"

"Bibi yake!" alipiga kelele Redio. "Babu alikuwa na bibi yake! Naye alimwita mume wake, kama—"

"Betri!" alisema Kwanini. "Zirudishe! Zirudishe zote! Kimbia!"

Getini mkokoteni ulikuwa umekwisha kusimama. Mtu wa vyuma chakavu, jitu lenye kifua kama pipa na sauti ya upole, alikuwa ametundika mizani yake kwenye tawi la mti wa uani, na Bibi amesimama mbele yake, mikono kiunoni, akimkabidhi sufuria lililotoboka. Redio aliingia kama gari la zimamoto.

"Bibi! Usiuze! Babu hana mke! Mke ni bibi! Si wewe Bibi, bibi! Wewe ni mke mwenza lakini si hivyo!"

"Huyu mtoto amepigwa na jua," alisema Bibi.

Kwanini alikuja nyuma akitweta, akisukuma baiskeli, Bwana Mdogo juu yake ameshikilia siti kama msafiri wa daraja la kwanza. Akaiegemeza ukutani. Hakuanza kueleza. Alivuta pumzi kwanza, maana neno likitoka vibaya mara ya kwanza, la pili hukuta mlango umefungwa.

"Bibi, naomba kuuliza swali moja tu."

"Uliza, mtu ana kazi zake huyu."

"Yule mzee aliyemlea Babu. Alikuwa na ndevu?"

"Ndevu?" Bibi alikunja uso. "Mimi sikumwona, nimekwambia. Lakini mzee si... babu yenu alisema 'mzee aliyenilea', 'mzee wangu'. Siku zote mimi nilimwona..." Mkono wake ulikuwa umepanda wenyewe kidevuni, ukipapasa ndevu zisizokuwepo. Ukabaki hapo.

"Alisema ni mwanamume?"

Mtu wa vyuma aliteremsha sufuria polepole kutoka kwenye ndoano, asifanye kelele.

Kwanini akatoa barua ya pili, akaisoma yote, kwa sauti, pamoja na kuku. Kwenye "ushikwe mkono tu, utatulia" Bibi aliketi juu ya ndoo, ndoo ileile ya jana.

"Usiku wa kwanza kabisa," alisema baadaye, "aliota vibaya, akapiga kelele. Nikataka kumwamsha. Akasema katikati ya usingizi, 'Mkono tu.' Nikamshika mkono. Miaka yote nikijisifu kwamba dawa ile niliigundua mimi." Aliingiza vidole kifuani, akatoa barua ya kwanza, akaifungua juu ya goti. Aliisoma midomo ikicheza, neno kwa neno, kama mtu anayepita tena njia aliyopotea jana. Alipofika mwisho alimwangalia Bwana Mdogo juu ya keria.

"Wewe," alisema. "Mimi nakuitaje?"

"Bwana Mdogo."

"Mungu wangu." Bibi alijipiga paja. "Neno liko ulimini mwangu kutwa kucha, na nimeshindwa kulisoma kwenye karatasi! Nimemwonea wivu bibi kizee asiye na meno!" Na kicheko kikamtoka, kile cha siku zote, kinachoanzia tumboni na kuishia kwa kikohozi, na Redio akacheka kwa sababu Bibi anacheka, na mtu wa vyuma akacheka kwa sababu kila mtu anacheka.

"Kuna nyingine," alisema Kwanini. "Hatujaifungua. Inataka mvuke."

Wakaingia jikoni wote, mtu wa vyuma akibaki mlangoni kwa adabu, shingo ndani. Bibi aliweka birika. Lilipoanza kupuliza, aliishika ile karatasi juu ya mdomo wa birika, akaigeuza, akaisubiri, na mapindo yakaanza kuachiana moja baada ya jingine. Akaisoma kwa sauti.

*Mume wangu, nimeambiwa umepata baiskeli na siku imepangwa. Siwezi kuja, miguu imegoma. Zamani mgongo wangu ndio uliokuwa baiskeli yako. Sasa ni zamu yako kubeba mtu. Mpakie mwenzangu nyuma, nenda polepole kwenye mashimo, na upige kengele watu watazame. Mke mzuri hapelekwi kimyakimya. Mimi leo nakupa talaka. Sikuachi kwa ubaya, nakuacha kwake. Mwambie asinirudishie. Aliyekuwa mkeo wa kwanza. Mtoto, umeandika 'aliyekuwa'? Haya, ifunge.*

Birika liliendelea kupiga mluzi na hakuna aliyelitoa motoni.

"Siku ile alipiga kengele njia nzima," alisema Bibi. "Nilimwambia, acha, watu wanatutazama. Akasema, ndiyo maana napiga. Nilidhani ni ujana unamsumbua." Alijifuta macho kwa kiganja. "Kumbe alikuwa ameagizwa."

Alinyanyuka, akaenda sebuleni. Wakamsikia akiburuta kigoda. Fremu ikakwaruza ukuta, mara hii kwa upande mwingine, kisha sauti ya Bibi, ya chini, isiyokusudiwa wao, lakini Redio aliisikia na baadaye nyumba nzima ikaijua:

"Haya, geuka. Nimeambiwa nisikurudishe."

Mtu wa vyuma alikohoa mlangoni. "Mama, sasa baiskeli?"

"Chukua sufuria uende, baba."

"Nilijua," alisema yule mtu, akilitia sufuria kwenye mkokoteni. "Nilipofika nilijua. Mimi nanunua chuma, hasira sina mizani yake."

Bibi hakumsikia. Alikuwa amekwisha kufika uani, ameifungua ile tyubu ya zamani, na alikuwa anazungushia barua tatu ndani yake, moja juu ya nyingine. Akachomoa siti, akazisukuma ndani ya bomba. Kwanini akarudisha siti, akaishusha chini kabisa, Redio akakaza nati.

"Kwanini, wewe shika usukani," alisema Bibi. "Redio, sukuma nyuma, na usitangaze. Mpaka kwa fundi na kurudi. Ana haki ya kujua."

Akakusanya nguo alizovaa, akakalia keria upande, kama alivyokaa siku ile, mgongo wima, na akampakata Bwana Mdogo mapajani. Mtoto alinyoosha mkono kadiri alivyoweza, lakini kengele ilikuwa mbali. Ikabidi Kwanini ampigie. Akaipiga getini, akaipiga barabarani, na watu wakatoka madukani kutazama.

"Polepole kwenye mashimo!" alipaza sauti Bibi.

"Shika vizuri, mke wangu," alisema Bwana Mdogo.